Banda la Njiwa, Hombolo

Tangu Novemba tulikuwa tunaiomba mvua.
Ikaja usiku wa Jumanne, haikupiga hodi,
ikapita juu ya mtama, juu ya mizabibu ya Chidawali,
ikaingia kwenye banda la njiwa
nililoliunga kwa makreti ya zabibu.

Asubuhi nakuta mbao zimevimba
kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.
Misumari imelia kutu
mpaka chini, kwenye mguu wa nguzo.
Kinda mmoja amekufa.
Wawili wamejibanza kwenye kona iliyobaki kavu,
upana wa kiganja.

Kosa ni langu, na ninajua lilipo.
Nililaza bati bapa, kama paa la tembe la bibi,
nikidhani hivyo ndivyo nitakavyomkumbuka.
Lakini tembe lina udongo, na udongo hunywa.
Bati halinywi.
Bati hukaa na maji
kama mtu mbishi anavyokaa na neno,
hadi yapate tundu la msumari.

Sechelela ameshika ngazi.
"Baba, si ulisema mvua ni baraka?"
Nina misumari minne mdomoni.
Naishukuru misumari.

Ubao uliooza unatoka kwa vidole, bila nyundo,
na ndani yake, sijui kwa nini inaniuma,
bado kuna harufu ya zabibu za mwaka juzi.

Nakata mpira wa baiskeli, viduara vidogo,
kimoja chini ya kila kichwa cha msumari.
Kisha papi, upande wa jikoni,
ili bati liinuke vidole vitatu.
Fundi Mbeleje angesema vinne.
Fundi Mbeleje hakuniazima msumeno,
basi ni vitatu.

Tunajaribu kwa kikombe kimoja.
Kimoja tu: ndoo hii imepangiwa foleni
tangu jogoo la kwanza.
Namimina. Maji yanasita kidogo,
kama mgeni anayetafuta mlango,
halafu yanateremka, yote,
na kabla hayajagusa ardhi
Sechelela ameshayakinga kwa sufuria.

"Ya makinda," anasema, hanitazami.

Naingiza mkono ndani, napapasa dari.
Pakavu. Napapasa tena.

Njiwa dume yuko juu ya waya wa kuanikia,
shingo upande,
bado hajaamua.