Noti Ndefu

Fidla kumi na sita, zasema karatasi.
Mimi hapa Barani nina marimba manne,
na moja bubu chini: ubao ulipasuka Pasaka.

Usiku nimekata, nimehamisha.
Zumari nimempa Nyevu, kiganja chepesi;
besi nimemtwika Katsenga, mchelewaji,
besi ngoja-ngoja itamfaa.

Ila noti ile, mapigo ishirini na manne!
Fidla huivuta tu.
Mti ukigongwa hunena mara moja, basi.

“Mwalimu, tuitetemeshe,” akasema Nyevu,
“kama meno ya mwenye malaria.”

Nyundo za raba, ndara kuukuu,
zikaanza kutetema.
Haikuwa fidla.
Katsenga akaingia kabla ya zamu yake,
nami sikumsimamisha.
Nikatafuta kifutio.