Lifutwe au Lielezwe

Nilitoboa ramani kwa sindano ya bikari
pale penye tangi, tani hamsini za gesi,
nikazungusha.
Duara la kwanza: asijenge mtu.
La pili: ghala, karakana, watu wanaojua kukimbia.
La tatu: nyumba ruksa, lakini si shule, si zahanati,
si mahali pa watu wa kubebwa.

Ndivyo mwongozo unavyosema.
Mwongozo haujawahi kufika Obunga.

Duara la kwanza lilipita jikoni kwa Rispa Adundo,
likakata makarai matatu ya mgongo wazi
na nusu ya choo cha wapangaji.
Kwenye ramani ile mstari wa nusu milimita
una upana wa mita moja na robo:
kitanda cha mtoto, na pa kuvulia ndara.
Ndani marufuku, nje ruksa.
Juu ya mstari wenyewe, hapakuandikwa kitu.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hairuki.
Hushuka na mtaro kama mgeni mwenye deni,
ikiambaa ukuta, ikipitia vizingiti na mvungu,
mpaka ipate moto.
Basi katika jedwali langu Rispa yumo mara mbili:
kwanza ni mmoja wa wakaazi mia nne na kumi na wawili,
halafu, safu ya saba,
ni chanzo cha cheche.

Sikumwambia hilo.
Nilinunua mgongo wa shilingi hamsini,
nikala nimesimama, miiba ikinichoma ufizi,
nikamweleza yaliyo rahisi zaidi:
hatari ni mtu mmoja kwa milioni, kwa mwaka.
Akageuza samaki.
"Na hao milioni wanakaa wapi?
Maana hapa naona sisi tu."

Ofisini mkuu alitazama duara langu.
"Limenona hili," akasema. "Likondeshe.
Valvu ikikatika, tuseme inazibwa kwa dakika moja,
siyo tano."
Nikaandika moja.
Duara likarudi nyuma mita tisini
kama maji ya ziwa wakati wa kiangazi,
na watu mia mbili wakawa salama
kabla ya chai ya saa nne.

Siku ya Jumanne lori la gesi huingia,
na Ogweno wa getini hupuliza firimbi.
Hakuna aliyemwajiri kwa hilo; firimbi ni ya mwanawe,
aliyekuwa refa.
Rispa hufukia moto kwa majivu,
na jirani yake, na yule wa kando ya mtaro,
majiko kumi na moja yananyamaza
hadi firimbi ya pili.
Mafuta yanapoa. Samaki wanalegea.
Hasara hiyo nayo haina safu.

Nikaenda Jumanne tatu, na daftari,
nikitembea mpaka nisiisikie tena.
Mchana upepo wa ziwa huipandisha
upande wa Riat, ikapita shule ya chekechea.
Alfajiri upepo wa nchi kavu huishusha
hadi kwenye matete.
Halikuwa duara. Lilikuwa yai,
limevutwa kule kule inakokwenda gesi,
maana vyote viwili hubebwa na upepo ule ule,
na firimbi hutangulia.

Nikalichora kwa penseli ya samawati.

Kikaoni walipitisha madaraja, walipitisha ada,
walipitisha ghorofa nne
mahali ambapo juzi palikuwa ndani.
Kisha mmoja akaweka kidole:
"Na hili yai?"
Nikasema, ni sauti.
Kimya. Mtu akakoroga chai isiyo na sukari.
Mwenyekiti akaandika pembeni, kwa wino mwekundu:
lifutwe, au lielezwe.

Mpaka leo nalieleza.