Kumi na Mbili Nukta Sita

Mweusi kwanza, mwekundu baadaye:
hivyo ndivyo ulivyozing'oa nyaya kila Novemba, Tauno,
ukitamka kwa sauti, kana kwamba gari lilikuwa darasani.
Mwaka huu nimezing'oa mimi.
Spana namba kumi ilikuwa pale pale, ndani ya mkebe wa kahawa,
na vidole vilikufa ganzi kabla nati haijalegea.

Nimeibeba betri kutoka bandani hadi ukumbi wa mlangoni,
hatua arobaini na moja, theluji ikilia chini ya buti.
Kilo kumi na nne. Nilitembea
kama niliyeazimwa mtoto wa mtu.
Nimeilaza juu ya ubao,
ingawa fundi Heikkinen anasema betri za siku hizi
hazijali sakafu ya saruji.
Huenda ni kweli. Ubao ni wako. Nimeuweka.

Vichwa vyake nimevisugua kwa magadi na maji vuguvugu;
ule ukungu wa kijani ukachemka, ukanung'unika, ukanyamaza.
Kisha mafuta ya mgando, kidogo tu, kwa ncha ya kidole.
Mgonjwa haulizwi uji:
nimechomeka chaja bila kuangalia kipimo.

Sasa ni Januari, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Usiku misonobari inapasuka kwa mlio wa bunduki
na mimi naamka kuangalia kataa ka chaja,
ka njano au ka kijani.
Ulinifundisha: betri iliyoshiba haigandi kwa baridi hii,
bali yenye njaa hugeuka barafu
ikapasua tumbo lake yenyewe.
Ilimpata Pentti na trekta lake. Ulicheka wiki nzima,
kisha ukampelekea betri yako ya akiba, usiku, bila kubisha hodi.

Chaja huivujishia umeme tone kwa tone.
Pale Kajaani, kando ya kitanda chako, kuna mrija pia.
Sitaki kulinganisha.

Nimelisoma daftari lako. Usikasirike.
Kila Jumapili tangu mwaka themanini na moja, tarakimu tupu:
12.6
12.6
12.5, nikachaji
12.6
Na ukurasa mmoja, Februari, mwandiko ule ule:
12.6. Mama.
Hapana neno jingine. Jumapili iliyofuata, 12.6.
Kumbe ulishuka bandani siku ile.
Sisi tulidhani umekwenda kulia.

Jumatano nilipanda basi nikaja.
Ukaniita kwa jina la Mama, nikaitika;
ukauliza kama maziwa yameletwa, nikasema yameletwa.
Ukageukia dirisha. Nikaanza kufunga vifungo vya koti.
Ndipo ukasema, bila kugeuka, kwa sauti yako ya zamani:
"Ngapi?"
Nikajibu: "Kumi na mbili nukta sita."
Ukatikisa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake yote.

Nilidanganya.
Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, nami sikujua
kwamba chaja hii haiwaki yenyewe unaporudi;
inangoja kubonyezwa, kaidi kama mwenyewe.
Asubuhi ile kipimo kilisoma 12.2.
Njiani nilimwona dereva akinitazama kwenye kioo,
bibi anayenong'ona tarakimu.
Sikuvua buti. Nilibonyeza, nikakaa kwenye ngazi
mpaka ka njano kakawaka,
nikaendelea kukaa.

Leo ni Jumapili. 12.6.
Nimeiandika chini ya zako, mwandiko wangu umelala upande,
na mbele yake sikuandika kitu.

Aprili nitairudisha: mwekundu kwanza, mweusi baadaye.
Nitawasha. Itakohoa, itatoa moshi wa buluu,
Saab yako ya rangi ya haradali.
Sijawahi kukaa upande ule wenye usukani, unajua.
Kiti kimesogezwa nyuma mno, kwa miguu yako.
Nimetafuta ile nyenzo ya kukisogeza mbele
na nimeipata.
Sijaigusa bado.