Kufuli Mia Nne na Themanini

Mama Nalwoga hajapata kuiona bahari.
Lakini akiamka, kabla ya chai,
huniuliza maji yamekaaje:
meli imetia nanga, au bado iko nje ya Mombasa
inangoja zamu kama mgonjwa wa kliniki?

Mimi ni karani wake hapa Kikuubo,
kichochoro ambacho mikokoteni miwili haipishani
bila matusi.
Kufuli za shaba, katoni arobaini, dazeni kwa katoni.
Nimeziandika kwa wino wa buluu hazijafika,
na zimekwisha kuuzwa.

Kavira katoka Butembo, leo siku ya tisa,
yuko gesti ya Kisenyi, pesa kiunoni,
hajigeuzi usingizini.
Nyandeng hupiga simu kutoka Juba kila alasiri:
“Mzigo?” Neno hilo tu.
Najibu, Malaba.
Jana pia nilijibu Malaba,
ambako malori yamepangana hata dereva wetu
anayajua majina ya watoto wa muuza chapati.

Huko mbali, mtu tusiyemjua
alichelewa kuwasha kreni
(sikukuu, au dhoruba, hatuambiwi),
na hapa kufuli ikapanda shilingi mia tano
kabla ya saa sita mchana.
Kamba ni ndefu. Ikivutwa kule,
anayejikwaa yuko Kampala,
na anayeanguka yuko Butembo.

Lori likaja usiku wa mvua,
mtaro wa Nakivubo umefura.
Tukakata lakiri. Wapagazi wakainamisha shingo.
Nikahesabu, nikarudia kuhesabu:
mia nne sabini na tisa.
Kijiboksi kimoja kilikuwa na funguo mbili,
kufuli hamna.
“Andika,” alisema Mama Nalwoga, “hasara nayo ni bidhaa.”

Kulipokucha hapakuwa na kitu sakafuni
ila nyuzi za katoni na alama za viatu.
Mji wetu ni kizingiti:
kila mtu hukikanyaga akiingia kwake.
Kontena likarudi pwani tupu,
na debe tupu, unajua, haliachi kuvuma;
walilisikia mpaka Jinja.

Nami nikapanda kwangu Katwe,
nikafunga mlango kwa waya, mizunguko mitatu,
nikavua suruali.
Funguo mbili zikalia mfukoni.