Wa Saba

Saa kumi na mbili kasorobo Delvin anazima injini.
Mto Rewa unatuchukua wenyewe sasa,
mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika mekoni.
Usubi wameamka kabla yetu:
wamo masikioni, wamo ndani ya daftari,
mmoja nimemfunga kati ya Jumanne na Jumatano.

Kazi yetu ni makoo.
Fisi maji wa huku, akinyooka, humkaribia Delvin kwa urefu.
Ana madoa meupe chini ya kidevu,
wala hakuna wawili wenye madoa ya kufanana.
Basi tunangoja wainuke majini watutukane,
maana hujitambulisha kwa hasira,
nami napiga picha ya koo, naandika:
Kiatu. Ramani. Mchele Uliomwagika.
Ndoana sijamwandika tangu mvua za mwaka jana.

Delvin ananusa. Samaki aliyechacha.
"Choo chao hicho," ananong'ona. "Cha leo."
Mdiria anapita kasi, kama mtu aliyeitwa kwa jina.
Tunakula unga wa muhogo aliokaanga mama mkwe wake,
mkavu, unalia mdomoni kama kokoto,
mpaka tunaona haya kwa kelele za meno yetu,
tunaacha kutafuna.

Kisha maji yanachemka.
Mmoja. Watatu. Sita! Wanakoroma, wanapiga mayowe,
mmoja ana samaki mdomoni na bado anagomba.
Nabonyeza, nabonyeza. Kioo cha kamera kimeingia ukungu,
kila koo ni wingu.
Nafuta kwa shati lililolowa, ujinga mtupu,
na hapo, nyuma ya gogo,
kichwa cha saba kinapanda taratibu.
Hakimtukani mtu.
Mzee. Jicho moja limekuwa maziwa.
Chini ya kidevu: ndoana, imepinda kushoto
kama nilivyoichora.

Anatutazama kwa jicho lililobaki
muda wa kumeza mate.
Kisha mto unajifunga
bila kuacha mshono.

Jioni, kambini, nafungua daftari.
Juu ya ukurasa ipo kanuni
niliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu:
bila picha, hakuna mnyama.
Delvin anachochea moto, haniangalii.

Naandika sita.
Kalamu inabaki pale pale juu ya karatasi
hata wino unafanya doa,
doa lisilofanana na la yeyote.

"Pilipili," anauliza Delvin, "nitie?"