Sekunde ya Tano

Kila Jumapili, saa tatu na nusu usiku,
pigo moja la ngoma, kimya, kisha jina: KURUNZI.
Miaka ishirini na sita hatujabadilisha kitu.
Meza ya mvule, viti viwili:
kimoja cha Tumuhairwe na maswali yake,
kimoja cha aliyealikwa akakataa kuja.
Kamera hukitazama kiti kitupu sekunde nne.
Nne tu. Nimezipima mimi, mkata picha;
ya tano watu huanza kucheka.

Tulianza na kamera ya kuazima.
Drani aliificha kwenye kapu la matoke
pale kizuizini, barabara ya Masaka,
tukavuna dakika tisa za ndizi
na moja ya noti ikibadili mikono.
Hiyo moja ilitosha.
Ikaja barua, kisha kufuli mlangoni.
Miezi saba Drani alikaanga chapati Wandegeya,
unga kwenye kope, kope za mtu wa lenzi.
Siku tuliyofunguliwa, Tumuhairwe aliketi,
akakohoa, akamalizia sentensi
aliyokatizwa nayo mwezi wa pili.

Jana kaja kijana kutoka Mbale,
Wandeba, shati limepigwa pasi kifuani tu.
"Baba alisema hapa, habari ya mizani ya kahawa.
Tumemzika Alhamisi.
Picha tunazo. Hatuna inayosogea."

Kanda mia mbili na kumi na mbili. Naikumbuka.
Karani wa ghala: mawe ya mizani yametobolewa,
yakamiminiwa risasi,
kila gunia la mkulima likipungua kilo sita.
Alituomba giza, tukampa giza:
taa mgongoni, uso mweusi kama kisima,
sauti nikaishusha hadi ikawa ya mtu ndani ya pipa.
Kanda mbichi niliichoma kwa mkono wangu
nyuma ya jenereta.
Ahadi ni deni, ndiyo;
sikujua nalilipa kwa mali ya mwanawe.

Nikamwekea. Akakitazama kivuli,
akasogea, akainamisha kichwa upande huu, upande ule,
kama atafutaye masafa ya redio.
Nikajifanya napanga nyaya.

Dakika ya kumi na moja, kosa langu,
kosa ambalo kwa miaka kumi na tisa
hakuna aliyenigombeza kwalo:
mkono unaingia kwenye mwanga
kuonyesha tundu la jiwe lilivyokuwa,
na kidole cha shahada kimeishia kwenye fundo.

"Mashine ya kumenyea buni," akasema Wandeba,
kwa sauti ya mtu anayejibu salamu.

Akaomba irudiwe. Nikairudisha,
nikausimamisha ule mkono.
Moja, mbili, tatu, nne.
Nikamwongezea ya tano.
Hakucheka mtu.