Kanyaga, Shika

Pedali ilizama Jumatano, nikitoka sokoni,
ikalala sakafuni kama mbwa mgonjwa,
na gia ya pili ikagoma kutoka.
Nikaileta Hilux ya marehemu mpaka nyumbani Ibra
kwa gia hiyo hiyo moja, injini ikilia,
majani ya mbuzi yakipepea nyuma.

Gulzaman wa Sanaiya alibadili silinda ya chini mwezi jana.
Riali kumi na mbili na gilasi ya chai ya maziwa.
Leo Ijumaa, kafunga.
Mbuzi hawajui Ijumaa.

Basi nikaanza alikoanzia baba, gereji ya Ujiji:
usishike spana kabla hujauliza.
Kikopo cha mafuta: kimepungua nusu kidole.
Nikapampu mara tano, pedali ikasimama, ngumu.
Nikaikandamiza kwa mguu, nikahesabu.
Kwenye tisa ikaanza kushuka, polepole,
kama mtu anayekubali kosa.
Nikaingia chini na tochi. Bomba kavu.
Silinda mpya ya Gulzaman kavu, vumbi juu yake jepesi, safi.
Kwenye changarawe, hata tone.
Yanakwenda wapi, basi?

Nikainua zulia la miguuni.
Lilikuwa chapachapa. Rangi ya bati imebabuka,
inatoka vipande vipande ukiigusa kwa ukucha.
Siku zote tunachungulia chini ya gari;
kumbe linavujia ndani, silinda ya juu, sili ya nyuma,
tone kwa kila mkanyago,
hapo hapo mtu anapoweka viatu.

Silinda ya juu ipo. Aliinunua marehemu
akaificha kwenye mkebe wa halwa, na risiti yake.
Alijua, basi. Hakusema.
Ndivyo alivyoniletea na mke mwenza.

Kipini, nati mbili za kumi na mbili, bomba:
kazi ya saa moja kwa mtu asiye na kiuno changu.
Lakini hewa. Hewa haitolewi na mtu mmoja.
Mmoja akanyage, mmoja alale chini afungue.
Watoto wako Maskati. Eda imeisha tangu Shaabani,
na nyumbani tumebaki mimi na Shamsa.

Miaka kumi na moja jiko moja, na maneno yetu ni chumvi iko wapi.
Yeye wa Bidiya, Kiarabu chake cha mchangani;
mimi, Kiarabu cha kununulia.
Mengine yote niliyasema kwa Kiswahili, mbele yake,
nikimenya vitunguu, nikitabasamu:
wali wake bokoboko, miguu yake ya bata, mama yake.

Nilimpungia mkono tu. Akaja.
Akavua kandambili, akakaza ushungi, akapanda.
Nikalala juu ya gunia, spana namba kumi,
mpira mwembamba ndani ya chupa ya maji,
nikatafuta neno la Kiarabu la kukanyaga.
Likanipotea kwenye joto.

"Nikanyage?" akasema.

Kwa Kiswahili. Lafudhi ya marehemu, ile ile, yenye kokoto.

Nikanyamaza chini ya gari.
Vitunguu vya miaka kumi na moja vikapita, kimoja kimoja.

"Kanyaga," nikasema. "Shika."
"Nimeshika."
Nikalegeza. Povu likaja, jeupe, likikoroma chupani.
Nikakaza. "Achia."
"Nimeachia."

Tena.
Tena, jasho likiniingia jichoni, na siwezi kulifuta.
Ya sita, viputo kama ulezi.
Ya kumi na tatu, mafuta matupu, rangi ya asali.

"Bado kuna hewa?"
"Kidogo."
"Tuendelee, basi. Wali wangu umeshakuwa bokoboko hata hivyo."

Nilicheka hadi nikagonga paji kwenye chesisi.
Yeye hakucheka. Ilikuwa haki yake.

Kisha nikafunga nati, nikamwambia akandamize asiachie,
na akahesabu mwenyewe, kwa sauti, kwa lugha yangu:
nane, tisa, kumi,
ishirini na moja.

Hadi arobaini pedali haikushuka.
Na yeye hakushuka.